Nafasi ya Early Gaskin

"Early amechelewa," alisema Thad Beamon, na wenzake wakacheka, maana hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya kila siku ya mazoezi.

Walikuwa wamesimama jikoni kwa Tolliver Mabry, kila mmoja na pembe yake ya chumba, kama alivyowazoesha. Pembe ya nne, ile ya dirishani, ilikuwa tupu. Tolliver hakuwa ameketi. Alikuwa mtu mfupi, mikono imekauka kwa udongo wa matanuri, akizunguka katikati ya chumba huku amelitanguliza sikio la kulia kana kwamba anatafuta panya ukutani. Yeye mwenyewe hakuimba. Moshi wa makaa ya mawe uliimaliza sauti yake angali kijana, na kilichobaki kilimtosha kuomba chumvi mezani. Hata hivyo, katika kambi zote za weusi upande ule wa Birmingham ilijulikana kwamba ukitaka watu wanne waimbe kama mtu mmoja, bila piano wala gitaa, unampelekea Mabry awasikilize.

"Besi peke yake," alisema.

Orlander Tubbs, mtu mnene aliyesukuma mikokoteni ya makaa, alishusha sauti mpaka vikombe vikatetema kwenye rafu.

"Orlander, ukivunja kimoja utalipa viwili," alisema Izora, mke wa Tolliver, bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

"Dada Izora, hiyo si sauti. Hiyo ni njaa."

"Ngoja Early aje, ndipo mle. Kwa hiyo huenda mkala Krismasi."

Mlango ukafunguliwa. Early Gaskin aliingia na viatu vya kazi vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni, blanketi limeviringishwa chini ya kwapa. Alikuwa mrefu na mwembamba, na hakuwa na haraka hata siku hiyo.

"Umechelewa," Tolliver alisema.

"Leo nimecheleweshwa, Mwalimu. Nilikuwa nafukuzwa."

Hakuna aliyecheka. Clovis Beamon, kaka yake Thad, aliutazama mlango kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mambo ya chama cha wafanyakazi?"

"Wameipata karatasi ya majina. Jina langu liko pale juu kabisa, nimeliandika vizuri. Nimeambiwa jua likizama nisionekane ndani ya uzio wa kampuni."

"Kwa nini uliandika juu kabisa?" alisema Orlander. "Si ungejificha katikati, mtu wangu?"

"Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwahi kitu."

Aliweka blanketi sakafuni, akaenda kusimama kwenye pembe yake. "Jua bado halijazama," alisema. "Tuimbe ule mmoja."

Ule mmoja ulikuwa wimbo wa zamani ambao kila kambi ilikuwa na namna yake. Kiongozi huita majina ya watu wa Biblia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma orodha kwenye lango la mbinguni, na wale watatu humjibia kila aliyeitwa: *Yupo, Bwana, yupo.* Tolliver aliupokea kwa mwalimu wake, na mwalimu wake aliupata katika chuo kimoja cha weusi, mahali ambapo nyimbo za watumwa wasiokuwa na saa ziliandikwa kwa noti, zikanyooshwa, zikavishwa suti, zikapelekwa kuimbwa mbele ya wafalme. Huko ndiko zilikotoka sheria tatu ambazo Tolliver alizifundisha na ambazo majaji wa mashindano walizitumia wakiwa wamewapa waimbaji kisogo, ili sura zisiwadanganye: wakati, upatanifu, matamshi.

Kwa sheria ya pili na ya tatu Early hakuwa na kosa. Ya kwanza ilimshinda. Palipotakiwa jina, aliacha pigo lipite, ndipo aingie nyuma yake, kama mtu anayesubiri mlango ujifunge kidogo kabla ya kuupitia. Kwa kosa hilo kundi lao, la kambi ya Sable Creek, lilishika nafasi ya pili katika mashindano ya Bessemer, mwaka huu na mwaka uliotangulia. Kwa kosa hilo Tolliver alikuwa na desturi ya kuinua kidole cha shahada kila mara Early alipoingia.

Orlander akaanza kutembea na besi. Early akaita jina la kwanza. Kidole kikainuka.

"Hata leo, Mwalimu?" Early alisema katikati ya wimbo, na akaendelea.

"Hata leo."

Waliuimba mpaka mwisho. Early akaokota blanketi lake. Izora alimfungia mkate wa mahindi na kipande cha nyama katika kitambaa, naye akatoka akiwa amevaa soksi tu, akavuka kijito kwenda kwenye mahema ya waliofukuzwa, upande ambao ardhi haikuwa ya kampuni.

*

Matanuri ya Sable Creek yalikuwa ya mviringo, yamepangwa ubavuni mwa kilima kama mizinga ya nyuki. Kampuni nyingine zilikuwa zimehamia mitambo mipya, lakini kiangazi hicho cha 1936 hapa bado walioka makaa ya mawe kwa mkono hadi yawe koki ya kuyeyushia chuma. Kazi ya Tolliver ilikuwa kuziba milango. Makaa yakishamwagwa ndani, alipanga matofali mlangoni na kuyakandika udongo mbichi kwa mwiko, kutoka chini kwenda juu, halafu juu kabisa akaacha uwazi mdogo. Hewa iliyopita hapo ndiyo iliyofanya kazi. Ukiacha mwingi, makaa yanakuwa majivu. Ukiziba kabisa, moto unakufa na unabaki na tanuri lililojaa uchafu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anamalizia mlango alipomsikia Bwana Pruett anakuja. Pruett alikuwa mzungu wa ofisi ya ustawi, aliyesimamia zahanati, besiboli, na kila kitu ambacho kampuni ilitaka kionekane. Viatu vyake vililia.

"Mjomba Tolliver."

Tolliver hakuwa na mpwa mwenye rangi ile, lakini alivua kofia. "Bwana Pruett."

"Jumamosi ni tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru. Unajua redio inakuja?"

"Nimesikia."

"Birmingham nzima itawasikia. Nimewaletea suti mpya, za rangi ya krimu. Wanne." Alilikazia neno hilo. "Kuna watu ng'ambo ya kijito wanasema kampuni imejikata mkono wake yenyewe. Wana redio pia huko, mmoja wao anayo. Nataka wasikie Sable Creek iko nzima. Hakuna kilichopungua."

"Tumepungukiwa kiongozi, bwana."

"Hamjapungukiwa." Pruett alitabasamu. "Nimekutafutia kijana kutoka Blocton. Ples Dunaway. Wanasema hakuna kama yeye. Akiimba vizuri Jumamosi, Jumatatu ana kazi na chumba. Chumba kile cha Gaskin, kwa kweli."

Tolliver aligeuza mwiko mkononi.

"Na wewe," Pruett aliendelea kwa upole, "umekaa katika nyumba ile muda mrefu. Izora amepanda maua mazuri. Lakini nyumba ya kampuni ni ya watu wa kampuni, si ndiyo? Nisingependa tukose kuelewana juu ya wimbo."

"Nimekuelewa, bwana."

"Ndiyo maana nakupenda, mjomba."

Viatu vililia vikirudi ofisini. Tolliver alitazama mlango wa tanuri. Katika kusikiliza, alikuwa ameuziba wote. Akachokoa udongo wa juu kwa kidole, na tanuri likavuta pumzi.

*

Ples Dunaway alifika jioni kwa miguu, shati limelowa, akaomba maji kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa na mke na mtoto mchanga huko Blocton ambako mgodi ulikuwa umefungwa. Hakujisifu. Alisimama kwenye pembe ya dirishani bila kujua ni ya nani, na Clovis akageuza uso.

"Ita majina," Tolliver alimwambia. "Wao watakujibu."

Ples akaita.

Tolliver alikuwa amewafundisha watu tangu alipopoteza sauti yake, na mara nyingi, akiwa peke yake mbele ya matanuri, alikuwa ameisikia kichwani sauti moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo: safi juu na chini, kila neno na ukingo wake, na inayoingia kwenye pigo kama msumari kwenye tundu lake. Sasa ilikuwa jikoni kwake, imevaa shati lililolowa. Alisogea mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wa kijana yule. Hakupata kosa. Kidole chake kilibaki chini.

Kosa lilitoka upande mwingine. Ples alipoita jina, wale watatu walichelewa kumjibu. Si sana. Kwa kadiri ileile ya siku zote. Walijaribu tena, wakagongana. Mara ya tatu Thad aliwahi, Clovis akachelewa, na Orlander akasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

"Samahani, wakubwa," alisema Ples. "Mbona nyinyi mnachelewa?"

"Sisi tunachelewa?" Orlander alisema. "Kijana, sisi tumeshinda vikombe."

"Vya nafasi ya pili," Thad akasema.

"Kikombe ni kikombe. Huwezi kuwekea kahawa ndani ya nafasi ya kwanza."

Tolliver hakuwa anawasikia. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Tena," alisema. "Ples, wewe nyamaza. Nyinyi watatu, jibuni tu. Kama Early yupo."

Wakajibu. Hawakugongana hata mara moja. Kati ya jibu na jibu palikuwa na nafasi, na nafasi ile haikuwa na umbo la kiongozi yeyote tu. Ilianza nyuma kidogo ya pigo na kuishia nyuma kidogo ya pigo. Miaka yote ambayo alikuwa anainua kidole kwa mtu mmoja, wengine watatu walikuwa wameshahamia kwake, wakavuta viti, wakakaa.

"Inatosha," alisema. "Nendeni nyumbani."

Walipotoka, na Ples kupelekwa kulala kwa Orlander, Izora alikaa mezani kumenya kunde.

"Anaimba kama malaika," alisema.

"Sijawahi kumsikia wa kumfikia."

"Umependa. Niliuona uso wako. Uliniangalia hivyo mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la kuazima."

"Pruett ameitaja nyumba."

"Najua. Alisimama hapo nje akayasifu maua yangu. Mzungu akisifu maua yako anza kutafuta maboksi." Alitupa maganda ndooni. "Nimetolewa katika nyumba mbili za kampuni kabla ya hii, Tolliver. Sufuria najua kuzifunga. Usinifanye mimi kuwa sababu yako."

*

Siku iliyofuata baada ya kazi Tolliver alivuka kijito. Early alikuwa ameketi mbele ya hema anashona kiatu, na hakusimama, maana sindano ilikuwa katikati ya ngozi.

"Wamekutafutia mtu," Early alisema. "Habari zinavuka maji bila daraja."

"Wamempata. Ni hodari kuliko wewe."

"Haleluya. Basi umekuja kuniambia hivyo?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini unachelewa?"

Early alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Miaka yote hii umeniinulia kidole, leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo."

"Asubuhi, pale langoni, msimamizi anaitaje majina?"

Tolliver alitazama kilimani. Alijua anavyoyaita. Gaskin. Mabry. Tubbs. Pa, pa, pa, na asiyeitika papo hapo hukatwa mshahara wa saa moja.

"Mimi siiti watu hivyo," Early alisema. "Nikimwita Nuhu, namwacha kwanza aweke chini alichoshika. Nikiingia na pigo ni kama namwitia kazi. Wewe unasema nimechelewa. Mimi sijachelewa, mzee wangu. Mimi simharakishi mtu ambaye amekwisha kufa kwa kufanya kazi."

Kutoka kilimani king'ora cha zamu kililia. Watu wa kwenye mahema hawakuinua vichwa.

"Ungeniambia," Tolliver alisema.

"Ungeniacha?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa usahihi. "Hapana. Ningeinua kidole."

Early akacheka, akavaa kiatu, akakikanyagia chini kukijaribu. "Sikuombi kitu, Mwalimu. Una nyumba. Yule kijana ana mtoto. Mpe wimbo, aimbe. Ila msisimame watu wanne pale mkasema hakuna kilichopungua. Hilo tu. Hilo nitalisikia huku, na sitalala."

*

Tolliver aliwaambia wale watatu kando ya matanuri, moshi ukiwa umewafunika na kelele za mikokoteni zikiwalinda.

"Jumamosi hatuna kiongozi," alisema. "Mtapanda watatu. Mtaimba majibu. Kila mnachoimba siku zote, mtaimba. Pale pa Early mtapaacha."

"Wazi?" Thad aliuliza.

"Wazi. Kwa upana wake. Mkiwahi nitawasikia."

"Watu watadhani tumesahau wimbo," alisema Orlander.

"Watu wetu hawatadhani."

Clovis alikuwa anatazama mikono yake. "Nina watoto wanne," alisema.

"Basi usije. Sitakulaumu."

"Sijasema siji. Nimesema nina watoto wanne. Mtu akisema jambo hapa lazima limaanishe jambo?"

"Na tutavaa suti?" Orlander aliuliza. "Maana yangu inanikaa vizuri sana. Ningependa kufukuzwa nikiwa nimeivaa."

Ples ndiye aliyekuwa mgumu. Tolliver alimkuta uani kwa Orlander, anapiga pasi suti ya krimu kwa uangalifu wa mtu ambaye hajawahi kumiliki suti, na akamweleza yote bila kuzunguka.

Ples aliiweka pasi pembeni. "Nimetembea kutoka Blocton."

"Najua."

"Bwana Pruett ameniahidi kazi. Wewe unaninyang'anya."

"Ndiyo."

"Unasema hivihivi? Huoni haya?"

"Naona. Sauti yako ndiyo niliyokuwa naitafuta maisha yangu yote. Nakuambia ili ujue si kwamba hutoshi. Na bado Jumamosi sikutaki."

Kijana aliigeuza suti upande wa pili. "Naweza kwenda kwa Pruett sasa hivi nikamwambia unachopanga. Kabla hujafika kwako atakuwa ameshajua."

"Unaweza."

"Hunisihi?"

"Nikikusihi utakuwa umenifanyia mimi. Sitaki deni hilo."

Ples aliichukua pasi, akaikuta imepoa. "Mzee mkaidi we," alisema, na hakusema atafanya nini.

*

Jumamosi uwanja wa besiboli ulinukia nyama. Wazungu walikaa chini ya paa, weusi kwenye mabenchi na nyasi upande wa pili, na kati yao jukwaa la mbao jipya lililofunikwa bendera. Mtu wa redio, kijana mwenye kofia ya majani makavu, alikuwa ameweka kipaza sauti katikati na kuvaa vitu viwili masikioni. Ng'ambo ya kijito, kati ya miti, zilionekana ncha za mahema.

Tolliver alikaa mwisho wa benchi la nyuma, Izora kando yake. Hakuwa amemwona Ples tangu Ijumaa. Pruett alikuwa ameketi mbele, miguu imekunjwa, anapunga hewa kwa karatasi ya ratiba. Kama alijua, hakuonyesha. Kama hakujua, ilikuwa hivyohivyo.

"Wanne wa Sable Creek!" alitangaza mtu wa redio, na watu watatu wakapanda.

Walisimama kama walivyofundishwa, nusu duara. Kati ya Thad na Orlander waliacha upana wa mtu mmoja. Pruett aliacha kupunga karatasi.

Besi ikaanza kutembea. Ilikuwa nzito na tulivu, na wanawake kwenye nyasi walianza kutikisa vichwa, wakijua ni wimbo gani. Pigo la kuingilia likaja. Likapita. Kisha sauti tatu, zimekaza kama nyuzi: *Yupo, Bwana, yupo.*

Hapakuwa na jina mbele yake. Watu walitazamana. Mtu wa redio alikunja uso, akazungusha kitufe, akakirudisha. Pigo likaja tena, likapita. Pale palipokuwa pa jina palisikika kitoto kinalia mbali, na kamba ya bendera ikigonga mlingoti. *Yupo, Bwana, yupo.*

Mtu wa redio alikigonga kipaza sauti kwa ukucha.

Pruett alisimama. Hakupiga kelele, maana wakubwa wa kampuni, wenye suti nyeupe chini ya paa, walikuwa wanamtazama. Aligeuka, akatafuta kwenye mabenchi ya weusi, na macho yake yakatua mahali. Tolliver aliyafuata. Ples Dunaway alikuwa ameketi kwenye nyasi ndani ya suti ya krimu, sahani magotini, kitambaa kimechomekwa kwenye kola ili asijichafue.

"Wewe! Panda!" Pruett alimnong'oneza kwa nguvu. "Panda sasa!"

Tolliver alihisi mkono wa Izora unakamata mkono wa koti lake. Ples alimtazama Pruett. Kisha akalitazama jukwaa, ile nafasi ya upana wa mtu mmoja, na ikaonekana wazi kwamba anausikia wimbo, kwamba kila mara pigo linapokuja koo lake linajiandaa. Angeweza kuingia kutoka pale alipokaa. Angeingia sawasawa.

Akachukua ubavu wa nguruwe kwenye sahani, akaung'ata hadi mfupani.

"Mdomo umejaa, bwana," alisema, na mtu mmoja nyuma yake akakohoa ili asicheke.

Jukwaani Clovis alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtiririka kwenye kola mpya. Ubeti wa tatu ndio ambao, katika kambi hii, Early alikuwa na mazoea ya kuacha majina ya Biblia na kuita ya watu wa hapa: waliofunikwa na mgodi, waliochomwa na gesi, mmoja aliyekanyagwa na behewa. Kila aliyekaa kwenye nyasi alikuwa na wake. Orlander alishuka chini zaidi, na pigo likaja.

Likapita.

Nyuma yake kidogo, mahali ambapo jaji wa Bessemer angeandika alama, miguu ilishuka. Hakuna aliyeiongoza. Ilikuwa visigino vya wanawake, buti za matanuri, na viatu vya kanisani vilivyotolewa siku moja kwa wiki, vyote pamoja kwenye udongo mkavu, mara moja, vimechelewa. Vumbi likainuka hadi magotini.

*Yupo, Bwana, yupo.*

Sindano ya mashine ya redio iliruka na kulala. Kijana wa redio aliacha kugonga. Alibonyeza vile vitu kwenye masikio yake kwa viganja viwili, akabaki hivyo.

Pruett alikuwa ameshaanza kuja, akipita kati ya mabenchi, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikusikika. Watu hawakumpisha wala hawakumzuia. Aliwapita mmoja mmoja kwa ubavu, akiomba radhi kwa mazoea, macho yamemlenga Tolliver.

"Anakuja," alisema Izora.

"Nyamaza. Nasikiliza."

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kulia mbele. Upepo ulitoka upande wa kijito. Pigo lilikuwa njiani, na mkono wake, uliozoea, ulikuwa umeinuka kutoka gotini na kidole kimenyooka nusu. Akakiona. Udongo wa matanuri ulikuwa bado chini ya ukucha. Akakikunja pamoja na vingine, akaushusha mkono, akangoja pigo lipite.